Mia kwa Mia

Kama ilivyo desturi ya walimu wasaidizi wa somo la usalama wa mtandao, Nakiete alijitoa mwenyewe awe shabaha ya zoezi: wanafunzi wajaribu kuzihadaa mashine ziamini kwamba wao ndio Nakiete. Aliyefaulu ni binti mmoja tu, Tumsifu. Nakiete akampa mia kwa mia, akampongeza mbele ya darasa, akaenda zake nyumbani.

Mlango ukamkataa.

Siku hizi mtu ni yule anayetambuliwa na mlango, sura haiulizwi. Mama yake akamtazama dirishani, machozi yakimlengalenga.

"Mama, ni mimi! Nifungulie."

"Nakujua, mwanangu. Lakini nikimwingiza asiyetambuliwa, mlango utanifuta na mimi."

Nyuma ya mama akatokea Tumsifu. "Mwalimu, kwetu mlango umenikataa. Huku umenifungukia wenyewe. Nikurudishieje jina lako?"

Nakiete akapitia kichwani kila alichofundisha. Hilo halikuwamo kwenye somo.

"Nyumba inasikia," mama akanong'ona, akashusha pazia. Kisha akaita kwa sauti: "Nakiete! Njoo ule, mwanangu, makande yanapoa."

Ndani, Tumsifu akaitika.