Kadi ya Kikombe

Kwa miaka thelathini Bi Mwanakheri aliijua kiu ya mwanawe, Shekue, asiyeweza kusema, kwa jinsi alivyogonga meza. Tunu, mtaalamu wa tabia, alimfundisha Shekue kwa wiki tatu kutoa kadi yenye picha ya kikombe anapotaka maji, na kugonga kukaisha.

"Usimpe maji kabla hajatoa kadi, mama."

"Nisubiri ruhusa yako kumnywesha mwanangu?"

"Subiri akuombe."

"Anakuomba wewe. Mimi siku hizi ni mtungi tu."

Shekue alichukua kadi, akampita mama yake, akamnyooshea Tunu. Tunu akaficha mikono mgongoni na kutazama ukuta.

Shekue akageuka. Bi Mwanakheri alikuwa ameshika kikombe kilichojaa. Hakukisogeza. Alifungua kiganja cha mkono wa pili, akakiacha wazi kati yao.