Nyanya Zinaiva

Ramiro alikuwa ameshang'oa pazia moja la gari na anahangaika na la pili, Gastón alipotokea na chupa yake ya chai kwapani.

"Unahama, bwana?"

"Nauza," Ramiro akasema. "Giaboksi imekufa, kazi hakuna, mfukoni patupu. Kuna jamaa wa vyuma chakavu analitaka."

"Na mapazia utamuuzia?"

Belén akacheka, kisha akajilaumu kwa kucheka. Mapazia hayo ya maua aliyashona mama yake huko kwao Tucumán, siku alipokubali shingo upande binti yake aende Australia na rafiki zake wawili, Ramiro na Luján, wachume matunda na kuzunguka nchi kwa gari. Walitaka kufika kaskazini kabisa, barabara inapoishia baharini. Gari likawafia hapa, kwenye mji wenye mashamba ya nyanya, baa moja na hosteli ya Bwana Trevor.

Hosteli yenyewe ilikuwa ya vibarua wa kigeni. Unalipia kitanda, mwenye hosteli anakutafutia shamba. Kulipia, walilipia. Shamba ndilo halikuonekana.

"Sikilizeni." Gastón alikaa kwenye ngazi ya gari, akamimina maji ya moto kwenye kibuyu chenye majani ya yerba, chai chungu ya kwao. Alikunywa yeye kwanza, kwa kuwa mkupuo wa mwanzo ndio mchungu na mmiminaji huumeza mwenyewe, kisha akawazungushia. "Nyanya zinaiva. Nimeziona kwa macho yangu. Kuna Wataliano hapa waliondoka Ijumaa, wamechoka kusubiri. Jumamosi Trevor akaita watu basi zima! Msiwe wajinga kama wale."

"Na wewe mbona huitwi?" Luján aliuliza. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi wao, na tambi za kuchemsha bila kitu zilikuwa zimemkondesha mpaka suruali anaifunga kwa kamba.

"Mimi sina bahati, dada yangu. Nina subira tu."

Ramiro akatukana kidogo, akarudisha mapazia.

Hakuna aliyekuwa hampendi Gastón. Kijana huyu wa Uruguay alikuwa amekaa hosteli muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Chumba cha mwisho alilala peke yake, eti kwa sababu anakoroma. Kila alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye benchi la mbele, buti miguuni, kofia kichwani. Bwana Trevor alikuwa akitoka, anataja majina machache, basi la mashamba linawapakia hao na kuondoka. Wengine walibaki wanatazama vumbi, na ile ndiyo saa mbaya kuliko zote, saa ambayo mtu anajiuliza amefuata nini nchi za watu. Hapo Gastón alianza kumtania huyu kwa nywele zake, yule kwa buti zake kubwa, kibuyu kinazunguka, mpaka waliokuwa wameshafunga mabegi wanayafungua tena.

Asubuhi moja benchi lilikuwa halina Gastón. Amepata tiketi, mtu akasema, amerudi kwao Montevideo. Hakuaga.

Habari hiyo iliwavunja kuliko giaboksi. "Kama Gastón ameshindwa, sisi ni nani?" Luján akasema, akalia waziwazi, bila kujali nani anamwona. Wajerumani wawili walinyanyuka kimya wakaenda kufungasha. Ramiro naye hakutukana. Aliyang'oa mapazia yote, moja baada ya jingine, akayakunja vizuri, kisha akampigia simu jamaa wa vyuma chakavu.

Belén akaenda kwa Bwana Trevor. Tamaa alikuwa ameshakata, alikwenda tu kwa kuwa hakuweza kusimama pale akitazama yale mapazia yakikunjwa. Alimkuta ofisini, anakula.

"Nipe kazi yoyote," akasema. "Kufagia, kuosha vyoo, yoyote. Iwe leo. Gari letu linauzwa."

Trevor alimtazama huku anatafuna. "Wewe ndiye yule anayewachekesha wenzake jikoni?"

"Leo sina cha kumchekesha mtu."

"Watu wanakupenda, binti. Nimeona mwenyewe." Akafuta mdomo. "Nafasi ipo. Kitanda bure, na kitu kidogo kila wiki. Lakini mdomo uwe mzito. Sitaki maneno huko nje."

"Na wenzangu?"

"Nimesema nafasi. Sikusema nafasi tatu."

Uwanja wa ndege yeye na wenzake waliapiana wakicheka: tukila tumekula wote, tukilala njaa tumelala wote. Alijichukia hata kabla hajafungua mdomo.

"Shamba gani?" akauliza.

Trevor aliinama chini ya meza, akatoa chupa ya chai na kibuyu vya Gastón, akavisukuma mbele ya Belén.

Nje, lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshafika. Ramiro alisimama kando ya gari, amekumbatia mapazia. Luján alikuwa ameketi kwenye benchi na begi mapajani, na pembeni yake wale Wajerumani na mizigo yao. Belén alijipenyeza katikati yao, akamimina, akanywa yeye kwanza.

"Ramiro, mwambie huyo aende zake," akasema. "Nyanya zinaiva. Nimeziona kwa macho yangu."