Ngatia Anaulizia Mahari

"Kaa chini, Ngatia!"

"Sikai! Swari yangu bado!"

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya ukumbi wa council. Hezekiah Gatimu, mwenyekiti, alishika meza na mikono yote miwili. Upinzani wa council hiyo yao ndogo ulikuwa watu wawili peke yake, na mmoja siku hiyo alikuwa kwa kitanda na homa. Amebaki Ngatia. Lakini nyuki ni moja tu inatosha kuvunja harusi.

Na hii maneno ya kusimama ujibu, ni Gatimu mwenyewe aliileta. Kulikuwa na padre wa kutoka Ireland, mtu wa kupenda chai na hadithi, akamwambia kwao bungeni mkubwa wa serikali anasimama mbele ya upinzani, wanamuuliza na wanamuuliza, na hakai mpaka ajibu. Gatimu akasema, hata sisi tumepata uhuru, tunashindwa na nini? Watu wakampigia makofi. Sasa ona.

Shida yake ilikuwa moja. Alikuwa amepokea mahari ya binti yake Wachuka, kisirisiri, na hiyo mahari ilitoka kwa Wamae. Wamae ndiye fundi aliyepewa kazi zote za kujenga za council. Na sheria ilisema mkwe wa mwenyekiti asiguse kazi ya council, hata ya kupiga msumari moja. Mahari ikijulikana, Gatimu anatoka kwa kiti siku hiyo hiyo, na uzee wa kanisa nao unaenda. Kwa hivyo wanyama wote aliwaficha kwa dada yake Waithira, kule Wamagana, na Wamae mwenyewe akaenda kuwazungushia ua.

Halafu jana, kwa hoteli ya chai huko Nyeri, Ngatia akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Kesho mwenyekiti ataje mahari! Ataje mbere ya watu!" Gatimu alikuwa kwa mlango, anafunga mwavuli. Aliufungua tena, akarudi kwa mvua. Usiku hata irio ya mke wake aliiacha kwa sahani.

"Uriza," akasema sasa. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Asante, mzee. Nauriza hivi. Mahari iko wapi?"

Koti ikawa nzito kwa mabega ya Gatimu. Karani Munyao, mtu wa kutoka Machakos, akainua kichwa. Kwa sababu ya Munyao na wageni wengine, ndani ya ukumbi ilikuwa ni Kiswahili tu. Hakuna mtu wa kusema ruracio badala ya mahari, hakuna kujificha ndani ya Kikuyu. Kila mtu anasikia.

"Hiyo ni mambo ya boma," Gatimu akajibu.

"Ati boma? Boma ya nani? Ni mambo ya watu wote! Kira mtu ako na ng'ombe anataka kujua!"

Watu wakapiga miguu chini.

"Ngatia, wewe ni kama mtoto wa ndugu yangu. Tutaongea nje, porepore."

"Nje kunanyesha, baba. Tuongee hapa kwa moto."

Wakacheka, hata watu wa upande wa Gatimu. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia kama kuna uso moja ya kumwonea huruma, na hakuiona.

"Watu wanasema iko Wamagana," Ngatia akaendelea. "Ni kweri ama ni urongo?"

"Nani arikwambia Wamagana?"

"Wamama wa soko wanajua, mzee, itakuwa mimi? Wanasema iko kwa dada yako, na imezungushwa ua tayari. Sasa sisi tunauriza, kwa nini iende kwa dada yako? Hawa wengine hawana dada?"

Makofi. Hapo kwa mlango Wamae alikuwa amesimama na kofia mkononi. Ngatia akamwonyesha kidole.

"Na yure hapo anaijua vizuri. Si yeye arionekana huko akichimbia nguzo?"

Wamae akaangalia viatu yake. Gatimu akaona vile ameangalia chini, akatamani kukaa. Kiti ilikuwa nyuma yake, karibu tu, lakini hakuweza kukaa. Kule Ireland hawakai.

"Jibu ni fupi, mzee wangu. Taja mahari, mimi nikae, watu waende nyumbani."

"Nitataja," Gatimu akasema.

Akatoa kitambaa, akapanguza uso. Wakati alianza, hakuweza kusimama katikati.

"Ni mitamba, na mbuzi, na asari ya wazee. Iritoka kwa Wamae. Ni ya Wachuka wangu. Nirijua sheria, na bado niripokea, nikaificha kwa Waithira. Mnisamehe, watu wangu. Kiti yenu ndiyo hii."

Akasukuma kiti mbele.

Kalamu ya Munyao ilisimama juu ya karatasi. Ngatia alikuwa bado wima, mdomo wazi, akimwangalia Gatimu, halafu Wamae, halafu Gatimu tena.

"Mzee," akasema polepole, "mimi nauriza mahari ya kuchimba dipu ya kuosha ng'ombe."