Koki ya Nyuma

Mpira wa maji ulikohoa mara mbili, ukatema upepo. Mbele yao ghala la mbegu lilikuwa linawaka upande mmoja tu. Maji ya dakika kumi yangetosha.

"Fungulia!" dereva alipiga kelele, mpira mkononi.

"Nimefungulia!"

Dereva akautupa mpira, akazunguka gari mbio. Alimkuta shemeji yake, mume wa dada yake na ndiye fundi wa pampu, ameinama nyuma ya tangi, anafunga koki ya kumwagia maji. Mchirizi ulikuwa umewafuata barabara nzima.

"Ilikuwa wazi?"

"Ilikuwa wazi."

"Nani kaifungua?"

Shemeji aliangalia kule walikotoka. "Sema ni mimi," akajibu.

Ghala likaisha wakilitazama. Mbegu za msimu mzima zikawa majivu.

Zamani gari lile lilibeba maziwa. Wao wawili ndio walioligeuza la zimamoto, miezi minane ya kukata, kuchomelea na kupaka rangi nyekundu, watu wakiwacheka kwamba moto utazimwa kwa maziwa ya mgando. Asubuhi ile walilijaza pomoni. Mchana wakala kwa mama yake dereva, kama kawaida yao. Dereva akajinyoosha kidogo ndani, shemeji akabaki uani na gari. Simu ya moto ilipolia, dereva alirukia usukani akampitia shemeji dukani, alikotumwa sabuni na mama mkwe.

Kwenye kikao cha kikosi dereva hakumung'unya maneno.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu nimemfundisha kazi mimi. Harusi yake nimeisimamia mimi."

"Maji ulimpa nani?" mkuu wa kikosi akamgeukia shemeji.

Shemeji alivua kofia ya kazi, akaiweka mezani. "Mimi ndiye niliyeachiwa gari. Kosa ni langu."

Akafukuzwa siku hiyohiyo.

Dada mtu alikuja kulia mlangoni kwa kaka yake. "Kaka, mume wangu unamjua."

"Nilidhani namjua," akasema, akafunga mlango.

Mtu baki angemfanyia vile, angemtukana, angetema mate, yakaisha. Lakini huyu! Waliolala pamoja chini ya gari lile, grisi hadi masikioni, wakigawana mkate mmoja! Kila alipowasha injini, kiti kitupu cha pembeni kilimchoma kama mwiba. Akawa hata kwa mama haendi.

Siku ya nane akaenda. Mama, ambaye kwa miguu yake mibovu hakuwa akitoka nje ya ua wake, alimwekea sahani akaketi karibu.

"Bado umemnunia mkwe wangu?"

"Mama, hayo yaache."

"Siyaachi. Nasikia mnagombania maji, na hakuna anayeniambia kitu. Kama ni zile ndoo zangu mbili nilizokinga kwenye gari, mlaumu mama yako. Nilimtuma dukani makusudi, maana angenikatalia. Koki yenyewe ngumu, ikanishinda kuifunga."

Dereva aliweka tonge chini.

"Ila usiwe na wasiwasi," mama akaendelea, akimsogezea maji ya kunawa. "Alikuja kesho yake, akaniapia kwamba aliiwahi, hayakupotea hata tone."