Kikapu cha Kutazamwa

Siwatu alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka sokoni, mfuko ukampasukia mlangoni na nyanya zikapondeka sakafuni. Akainua macho, akavitazama vikapu vya mumewe. Vilijaa kwenye rafu, vilijaa juu ya kabati, vimening'inia hadi chooni: vikapu vya kale vya mwanzi kutoka Japani, na hakuna hata kimoja kilichoruhusiwa kubeba kitu.

Akanyoosha mkono.

"Usikiguse hicho!" mumewe, Kheri, alimaka. Akavaa glavu zake nyeupe, akakishusha kama mkunga anayepokea mtoto. "Tazama kishikio, Mama Salma. Unaona kinavyong'aa hapa katikati? Hiyo si rangi, ni kiganja cha mtu. Mama fulani alikibeba miaka na miaka mpaka mwanzi ukalainika. Thamani yake ndiyo hiyo."

"Akikibeba kwenda wapi?"

"Shambani, sokoni, nani ajuaye?"

"Sokoni!" Siwatu alishika kiuno. "Mwenzangu alikwenda nacho sokoni, mimi ninayelala navyo chumba kimoja nabeba nyanya kwenye mfuko wa nailoni!"

Akamnyang'anya, akatoka nacho kurudi sokoni.

Kheri alimwita mpaka sauti ikamkauka. Siwatu hakugeuka. Njiani akabadilisha mkono, na vidole vyake vikateleza vyenyewe hadi pale palipong'aa, vikatulia. Hapo ndipo alipotazama nyuma.

Kheri alikuwa amesimama kizingitini, anavua glavu moja.