Karatasi ya Zamda

Dokta Kibwana alipofika kwenye dirisha la ofisi ya kuthibitisha vyeti hakumtambua karani aliyekaa nyuma ya kioo. Alipenyeza shahada zake mbili na kuomba zigongwe muhuri, kwa kuwa chuo cha ng'ambo kilichompa kazi kisingezipokea bila huo muhuri, na safari yake ilikuwa keshokutwa.

Zamda alizisoma taratibu. Zilikuwa halali, kila saini mahali pake. Miaka kumi na mmoja iliyopita mtu huyu alimfelisha somo la mwisho mara tatu, kwa sababu Zamda alikataa kumfuata nyumbani kwake. Shahada yake mwenyewe hakuipata kamwe.

"Kuna tatizo, binti yangu?"

"Mimi si binti yako, mwalimu. Naitwa Zamda Mfaume. Ulinifelisha mara tatu."

Dokta Kibwana alibadilika uso.

"Hayo yamepita, dada. Nakuomba, nina safari."

"Najua." Zamda alipitisha karatasi nyeupe chini ya kioo, pamoja na kalamu. "Andika kwa nini nilifeli, kisha weka saini. Ukimaliza nitakugongea muhuri wako, na karatasi hiyo nitaipeleka mwenyewe chuoni uliponifelisha, nidai shahada yangu."

"Na nikikataa?"

"Basi sogea pembeni, niwahudumie wengine."

Dokta Kibwana aligeuka, akaona foleni nzima inamtazama. Mama aliyekuwa nyuma yake aliondoa mkoba wake kwenye kaunta, ili mwalimu apate pa kuegemeza mkono. Akaishika kalamu. Akaandika tarehe, halafu mkono ukasita juu ya karatasi.