Salamu za Mbweha

Bibi Nungunungu aliishi peke yake, maana majirani waliogopa miiba yake wakampitia mbali. Ni Mbweha tu aliyesimama mlangoni pake kila asubuhi.

"Shikamoo, bibi. Umeamkaje? Na majirani hawajambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo. Swala kajifungua jana, mtoto kamlaza kwenye majani marefu kule bondeni."

Jioni ile mtoto wa Swala hakuonekana. Wanyama wakafuata nyayo za Mbweha kutoka bondeni, zikawafikisha kwa Nungunungu. Akawaeleza yote.

"Jasusi mkubwa wewe!" Nyati akafoka. "Alikuhonga nini?"

"Hakunipa kitu. Alikuwa akinisalimia."

Hakuna aliyekumbuka ni lini alimwamkia bibi yule.

Kesho yake Swala, macho yamemvimba kwa kilio, ndiye aliyetangulia kuja kumwamkia. Wenzake wakamfuata, wakajibanza kichakani.

Mbweha akaja. "Shikamoo, bibi. Umeamkaje? Na majirani hawajambo?"

"Hawajambo, mwanangu," akajibu Nungunungu. "Wako nyuma yako."